Eugène Freyssinet na zege lililokazwa kwa nyaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Kigoma

Tangu habari za reli ya kisasa kutoka Tabora kuja Kigoma zianze kuvuma, maswali kuhusu zege yameongezeka kutoka Mwanga mpaka Ujiji. Vijana wanaojifunza ujenzi wanauliza taruma la zege, lile gogo linalolaliwa na reli, linahimilije treni nzima, ilhali lenta ya nyumba mtaani inapata ufa hata kabla ya kupauliwa. Ukilifuata jibu mpaka kwenye chimbuko lake, unamkuta Mfaransa mmoja, Eugène Freyssinet. Katika wahandisi wote wa zege niliowasoma, huyu ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa sababu moja hasa: alikuwa na tabia ya kurudi kuitazama kazi yake baada ya kuikabidhi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu yake.

Freyssinet alikuwa nani hasa?

Alizaliwa mwaka 1879 huko Objat, mji mdogo wa wakulima na mafundi katika eneo la Corrèze, katikati ya Ufaransa. Alisoma École Polytechnique, kisha chuo cha madaraja na barabara, École des Ponts et Chaussées, kilichoko Paris. Mwalimu wake mmoja huko alikuwa Charles Rabut, aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufundisha zege la nondo darasani. Alipohitimu alipelekwa Moulins, mkoa wa Allier, kama mhandisi wa serikali wa madaraja na barabara za vijijini. Nafasi yenyewe ilifanana na ya mhandisi wa halmashauri kwetu: bajeti finyu, mito mingi, na kila kijiji kinataka daraja. Alifariki mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 82, na kazi hakuiacha mpaka uzeeni.

Ndiye aliyevumbua zege la nondo?

Hapana. Zege la nondo lilikuwepo kabla yake. Joseph Monier, mtunza bustani wa Kifaransa, alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1867 kwa vyungu vya saruji vyenye waya ndani. François Hennebique akaja na mfumo wake wa nguzo, boriti na slabu mwaka 1892. Mchango wa Freyssinet ni mwingine: kulikandamiza zege kwa nyaya za chuma kali kabla halijapewa mzigo, na kujua kwa nini ukandamizaji huo unadumu au haudumu. Hataza yake aliyoandikisha pamoja na Jean Séailles ni ya Oktoba 1928.

Kulikandamiza zege kunasaidia nini?

Zege ni hodari sana kwa kubanwa na dhaifu sana kwa kuvutwa. Weka boriti juu ya nguzo mbili, uipe mzigo: upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Ufa unaanzia chini. Nondo tunazoweka chini ya boriti hazizuii ufa usitokee. Zinaanza kufanya kazi sawasawa pale zege linapokuwa limeshaanza kupasuka, na kazi yao ni kushikilia ufa ubaki mwembamba kama unywele.

Sasa chukua matofali sita, yapange kwa mstari, yabane kwa nguvu kwa viganja viwili kutoka pande zote mbili, kisha yainue. Yatainuka pamoja kama boriti moja, bila udongo wala saruji katikati. Ukilegeza mikono yanamwagika. Freyssinet alifanya hivyo kwa nyaya. Boriti inakuwa imeshabanwa kabla gari halijapita juu yake, kwa hiyo mzigo unapokuja kuvuta upande wa chini, kwanza unapaswa kuumaliza ule mbano. Kama hesabu imekaa vizuri, mzigo hauumalizi, na ufa hauna pa kuanzia.

Ni kweli daraja lake moja nusura lianguke?

Ni kweli, na kwangu hapo ndipo kiini cha maisha yake kilipo.

Mkoa wa Allier ulihitaji madaraja juu ya mto unaobeba jina hilo hilo. Makadirio ya daraja moja la mawe pale Le Veurdre yalikuwa makubwa. Mkandarasi aitwaye François Mercier, aliyekuwa ameziona kazi ndogondogo za kijana huyu, akajitolea kujenga madaraja matatu ya zege, Le Veurdre, Boutiron na Châtel-de-Neuvre, kwa fedha zilizotengwa kwa hilo moja. Freyssinet akachora na kusimamia mwenyewe. Le Veurdre lilikuwa na matao matatu, kila moja likiruka kama mita 70, nayo yalikuwa mepesi kiasi kwamba wakubwa wa wakati ule waliyatilia shaka.

Hata namna ya kuondoa mbao za kuegemeza ilikuwa mpya. Kwa kawaida mafundi walikuwa wakizishusha mbao taratibu ili tao likae lenyewe. Yeye aliweka jeki kileleni mwa tao, akalisukuma lifunguke kidogo, nalo likajiinua na kujiondoa kwenye mbao. Lilipokamilika likajaribiwa kwa mizigo, likafunguliwa, watu wakashangilia.

Baada ya miezi kadhaa akaona kitu. Kingo za daraja, zilizokuwa zimenyooka, zilianza kubonyea katikati ya kila tao. Kila alipokwenda kutazama, kilele kilikuwa kimeshuka zaidi, mpaka mshuko ukapita sentimita 10. Tao lililolala namna ile likishuka vya kutosha linapinduka ndani na kuanguka. Kanuni za serikali za mwaka 1906 zilichukulia kwamba zege likibebeshwa mzigo linabonyea mara moja na basi, halitaendelea kubonyea. Daraja lilikuwa linasema vingine.

Aliporudi Moulins usiku, akapanda baiskeli mpaka Le Veurdre, akamwamsha msimamizi wake na wafanyakazi watatu waaminifu. Wakazirudisha jeki katika nafasi zilizokuwa zimeachwa kileleni, wakayainua matao yote matatu kwa pamoja, huku yeye akipima usawa kwa vifaa vya upimaji mpaka daraja likanyooka. Nafasi zile zikajazwa zege. Daraja likatulia, likaendelea kutumika mpaka lilipovunjwa katika Vita Kuu ya Pili. Ndugu yake wa Boutiron amesimama hadi leo, na picha zake zinaonyesha tao jepesi linalokaa juu ya mto kana kwamba halina uzito.

Mtu mwingine angelificha jambo lile au kuishia kumshukuru Mungu. Freyssinet alilibeba kama swali kwa miaka 15 na zaidi: kwa nini zege linaendelea kubonyea chini ya mzigo usioongezeka, na litaacha lini? Dokezo alikuwa nalo tangu tao la majaribio la mita 50 alilolijenga Moulins kabla ya Le Veurdre. Miguu ya tao hilo aliifunga kwa boriti iliyokandamizwa kwa nyaya, na tao zima halikuacha kusogea kidogokidogo.

Wengine walijaribu kukaza chuma kabla yake. Mbona walishindwa?

Walijaribu, Marekani na Ujerumani, tangu karne ya 19. Walikaza nondo za kawaida, zege likabanika vizuri, na baada ya muda mbano ukapotea wote. Wakahitimisha kwamba wazo halifai.

Hesabu yenyewe hata mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifuata. Ukiivuta nondo ya kawaida kwa kiwango ilichoruhusiwa enzi zile, inarefuka kama nusu milimita, au zaidi kidogo, kwa kila mita. Zege kwa upande wake linafupika kwa njia mbili: linasinyaa kadiri maji yanavyokauka, na linabonyea polepole kwa sababu limebanwa. Kwa miaka kadhaa ufupikaji huo unaweza kufika nusu milimita kwa kila mita, au kuipita. Nondo ilirefushwa nusu milimita, zege limefupika nusu milimita. Mvuto umeisha, nondo imelala tu ndani ya zege.

Freyssinet alijua kiasi hicho cha ufupikaji kwa sababu alikuwa amekitafuta tangu Le Veurdre. Akaona hakuna njia ya kulizuia zege lisifupike, ila unaweza kutumia chuma kinachorefuka zaidi sana kabla hakijakatika. Waya wa chuma kikali unaweza kuvutwa mpaka urefuke kama milimita 5 kwa kila mita. Zege likichukua nusu milimita yake, au hata milimita nzima, bado milimita 4 au zaidi za mvuto zimebaki, na zitabaki kwa maisha yote ya boriti. Sharti la pili lilikuwa zege lenyewe liwe gumu na lenye maji machache, ili lisinyae kidogo.

Nimeeleza kirefu hapa kwa makusudi. Watu wengi wanadhani ugunduzi wake ulikuwa jeki maalumu ya kukazia waya au kabari za kuushikilia. Vifaa hivyo vilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1930. Ugunduzi ulikuwa kulijua zege linavyoenenda mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano.

Hataza hiyo ilimtajirisha?

Ilianza kwa kumfilisi. Aliacha nafasi nzuri katika kampuni ya ujenzi ya Limousin, akaweka mali yake kwenye kiwanda cha nguzo za umeme huko Montargis. Nguzo zilikuwa nzuri: zenye uwazi ndani, kuta nyembamba, zege linalogandishwa haraka kwa mvuke. Lakini mdororo wa uchumi wa dunia ulifika, wateja wakakosekana, kiwanda kikafa. Alikuwa ameshapita miaka 50.

Kilichomwokoa ni jengo la bandari ya Le Havre. Jengo jipya la abiria wa meli lilikuwa linazama kwenye matope, upande mmoja ukishuka siku hadi siku, na hakuna aliyekuwa na dawa. Mwaka 1934 Freyssinet alipendekeza misingi iliyotengana iunganishwe kuwa boriti ndefu kwa kukazwa nyaya, kisha nguzo za chini zisukumwe ardhini kwa jeki, kipande juu ya kipande, jengo lenyewe likitumika kama uzito wa kusukumia. Mzamo ukasimama. Edme Campenon, mmiliki wa kampuni ya Campenon-Bernard, akaona kwa macho yake, na kuanzia hapo Freyssinet akapata watu na mitambo ya kufanyia kazi.

Kazi zake nyingine kubwa ni zipi?

Ni nyingi, nitataja ninazozipenda. Karakana mbili za ndege-puto pale Orly, karibu na Paris, zilizojengwa kati ya mwaka 1921 na 1923, zilikuwa na urefu wa mita 300, na magamba ya zege yaliyokunjwa kama bati la mgongo yalikuwa na unene wa sentimita 9 tu. Zilibomolewa kwa mabomu mwaka 1944. Daraja la Plougastel, karibu na Brest, lilifunguliwa mwaka 1930 likiwa na matao matatu ya zaidi ya mita 180 kila moja, na wakati ule hakukuwa na tao la zege refu kuliko hayo duniani. Mbao za kuegemeza zilitengenezwa seti moja tu, zikaelea juu ya maji kutoka tao moja kwenda lingine. Lipo bado, wanapita waenda kwa miguu na baiskeli.

Baada ya hapo ni madaraja ya mto Marne. La Luzancy, lenye mita 55, lilianza mwaka 1941 na kumalizika 1946 kwa sababu ya vita. Vipande viliundwa nchi kavu, vikaunganishwa kwa nyaya, vikainuliwa juu ya mto bila kupanga mirunda majini. Yakafuata mengine matano ya mita 74 kila moja, yanayofanana kiasi kwamba fomu zilezile zilitumika. Ufaransa ilikuwa imebomoka, chuma hakipatikani, na njia hii ilikula chuma kidogo sana.

Vaibreta nayo ni yake?

Alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kulitetemesha zege ili lishuke na kushikana, mnamo mwaka 1917, wakati wengine wanaligonga kwa mti. Kwa hiyo fundi anapoishusha ile sindano kwenye nguzo pale Mwandiga, anafanya jambo ambalo Freyssinet alilipigania.

Taruma la zege linatengenezwaje?

Nyaya zinatandazwa ndani ya fomu ya chuma na kuvutwa kwa jeki mpaka zinalia kama uzi wa zeze ukizigusa. Usiziguse, kwa sababu waya ukichomoka unaua. Zege gumu linamwagwa na kutetemeshwa, linapashwa joto kwa mvuke ili liwahi kukomaa, kisha nyaya zinaachiwa. Zinapotaka kurudi kwenye urefu wake, zege lililozishika linakataa, na hapo taruma zima linabanwa. Nguzo nyingi za umeme za zege zinaundwa hivyohivyo. Kwenye nchi ya mchwa kama yetu, kila mtu anaona faida yake.

Ukipata nafasi ya kulikaribia taruma la reli mpya, inama utazame kichwa chake. Mara nyingi utaona vidoadoa vya chuma vilivyopangika, kila kimoja na upana wa penseli au pungufu. Hivyo ni vichwa vya nyaya, bado zinavuta. Mataruma ya chuma ya reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hayana kitu cha namna hiyo. Hayo ni bati nene lililokunjwa, na kazi yake inaonekana yote kwa nje.

Nina kiwanja Mwanga, nataka ghorofa moja. Nikaze nyaya kwenye slabu?

Hapana. Kwa vyumba vya kawaida vya mita 4 au 5, nondo zinatosha na ni rahisi. Kukaza nyaya kunahitaji mhandisi aliyesajiliwa, jeki iliyopimwa na watu waliofundishwa. Mtu akikuambia atakufanyia kwa winchi ya gari, mpe chai, umuage kwa heri.

Basi sisi wa nyumba za kawaida tunajifunza nini kwake?

Kwamba zege lina umri, na ukilibebesha mzigo likiwa changa, linabonyea zaidi na halirudi.

Niliwahi kusimama chini ya slabu moja katika mji wetu, mwenye nyumba akibishana na fundi. "Fundi, mirunda ya kukodi inanila hela kila siku, toa bwana." Fundi akajibu, "Bosi, limekauka juu tu, subiri kidogo." Mwenye pesa akashinda. Mirunda ikatolewa wiki ile ile, matofali ya ukuta wa juu yakapangwa hapohapo. Slabu haikuanguka. Ila mwaka uliofuata vigae vya sebuleni vilikuwa vimepasuka kwa mstari, na mlango wa chumba cha chini unakwaruza juu. Fundi akalaumiwa kwa vigae.

Zege likiwa na siku 7, kwa saruji ya kawaida na likimwagiliwa vizuri, linakuwa na kama theluthi mbili za nguvu ya siku 28. Mirunda ya slabu kwa kawaida inakaa kati ya siku 14 na 28 kulingana na urefu wa chumba, na kauli ya mwisho ni ya mhandisi. Mwagilia maji angalau siku 7, hasa kiangazi upepo wa ziwa unapokausha uso wa zege kabla ya saa sita mchana. Na punguza maji kwenye mchanganyiko. Uji ni rahisi kumwaga, lakini maji yote yasiyotumika yataondoka, na zege litasinyaa zaidi na kupasuka.

Zege lililokazwa halina ubaya wake?

Linao. Waya uliokazwa ukipata kutu hauonyi mapema kama nondo. Mwaka 1985 daraja dogo la Ynys-y-Gwas huko Wales lilianguka ghafla kwa sababu maji yenye chumvi yalipenya kwenye maungio ya vipande na kula nyaya. Uingereza ilisimamisha kwa miaka kadhaa ujenzi wa madaraja mapya ambayo nyaya zake hupitishwa kwenye mifereji, yaani mirija ndani ya zege, kisha mirija hiyo hujazwa saruji, kuanzia 1992, mpaka taratibu za ujazaji ziliporekebishwa. Ujazaji wa mifereji ile ni kazi ya mtu wa chini kabisa kwenye saiti, na ndiyo inayoamua uhai wa daraja. Asimamiwe kwa karibu na alipwe vizuri.

Nikitoka Kigoma, njiani nitakutana wapi na kazi ya namna hii?

Ukienda Mwanza kupitia Kasulu, Kibondo, Nyakanazi na Geita, utapita Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Busisi na Kigongo, takriban kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa mwaka 2025. Zile nyaya zinazoonekana kwenye minara zinalibana sakafu la zege kwa kulalia, sawa na nyaya za ndani ya boriti, ila zimetolewa nje na kupandishwa juu. Zamani pale tulikuwa tunangoja kivuko.

Kijana wa hapa akitaka kuwa mhandisi wa aina hii, aanzie wapi?

Fizikia na hesabu tangu kidato cha kwanza, kisha mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Baada ya hapo ni shahada ya uhandisi ujenzi, halafu usajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Njia ya pili ni VETA, kisha stashahada, kisha shahada. Ni ndefu zaidi, lakini mtu anafika mezani akiwa ameshaushika mwiko, na mimi nawapenda sana wahandisi waliopita huko. Wakati ukisubiri majibu ya mtihani, omba kibarua kwenye saiti yoyote ya zege, uwe na daftari. Andika tarehe kila sehemu ilipomwagwa, na urudi kuitazama baada ya miezi sita.